Kebo Nne, Njia Moja

Walioshuhudia kabati la diski likiunganishwa na wingu lile la OpenStack wanajua ya kuwa kebo nne zilivutwa kwa ustadi, vidhibiti viwili vikapitishiwa swichi mbalimbali, na MTU ya 9000 ikapimwa kwa pakiti za ping zenye shehena ya baiti 8972 zisizoruhusiwa kukatwa, kama inavyostahiki. Bali uamuzi uliofuata, wa kukiacha kigezo cha njia nyingi, volume_use_multipath, cha Nova, sehemu ya OpenStack inayoendesha mashine pepe, katika chaguo-msingi lake, yaani False, ulikuwa kosa bayana lisilo na udhuru.

Mashine pepe inapopewa diski katika hali hiyo, seva mwenyeji huingia kwa lango moja tu la iSCSI, na lango likikataa saa ile ya kuunganisha, hujaribu jingine. Na hili ndilo lililowahadaa mafundi, kwani walichomoa kebo, wakaunganisha diski mpya, ikapatikana, wakaondoka wameridhika. Ama diski iliyokwisha kuunganishwa haina pa kukimbilia. Kidhibiti cha kwanza kilipozimwa ili kipokee programu dhibiti mpya, kerneli ilingoja sekunde 120 ilizowekewa na huduma ya iscsid, kisha ikarudisha makosa, na mifumo ya faili ndani ya mashine ikawa yakubali kusomwa na kukataa kuandikwa, ilhali kidhibiti cha pili kilikuwa kizima, kebo zake zimo na taa zake zawaka kijani, wala hapana seva iliyokiuliza neno. Laiti mtu angaliandika multipath -ll tangu mwanzo, amri ingalirudi mikono mitupu, na taksiri ingalidhihirika kabla ya madhara.

Husemwa kwamba mafundi hawakukiwasha kigezo hicho kwa kuwa walihofia vifaa vinavyosalia kwenye seva baada ya diski kuondolewa, na hofu hiyo ina asili, maana CVE-2023-2088 ilionyesha jinsi mabaki hayo yanavyoweza kumfikisha mpangaji mmoja kwenye diski ya mwenziwe. Lakini dawa yake ilikuwa tokeni ya huduma baina ya Nova na Cinder, sehemu isimamiayo diski, si kuzifunga njia. Nimelinena mara nyingi wala sitachoka kulinena, ya kwamba chaguo-msingi si nasaha ya mtunga programu. Mabingwa wa IBM walioibuni System/370-XA, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikijaalia kila kifaa njia hadi nane, na kuichagua njia wakakukabidhi kwa mtambo wenyewe wa chaneli, hata diski ikaweza kujibu kwa njia isiyo ile iliyoulizwa kwayo. Hawakuiacha amana kubwa namna hii itegemee mstari mmoja wa faili ya usanidi.

Na kuurekebisha mstari huo leo hakuzifai kitu diski zilizokwisha kuunganishwa, mpaka kila moja iondolewe na kuunganishwa upya, au mashine yake ihamishiwe seva nyingine ingali ikifanya kazi. Kidhibiti cha pili bado hakijapokea programu yake mpya. Kisiguswe hadi kazi hiyo iishe.