Sifa za Fundi wa Fonti

Kwa kawaida hati ya kompyuta haibebi herufi, inabeba jina tu. Ukiandika barua kwa Calibri, faili linasema "Calibri" basi, na kila mashine litakakofika ijitafutie herufi zenyewe. Mashine ikizikosa hailalamiki. Inashika zilizo karibu, na wasifu wa ukurasa mmoja unageuka kurasa mbili, majina ya wadhamini yakabaki peke yao upande wa pili. Anayezuia aibu hiyo ni fundi asiyetajwa popote, nami naona sifa zake zimecheleweshwa.

Mtazame mbele ya kompyuta ya Linux, tuseme Debian au Ubuntu. Hakimbilii kusakinisha. Kwanza anaandika fc-match Calibri ili aone mashine ingejibu nini. Ikimrudishia DejaVu Sans, ugonjwa umejulikana: DejaVu inasomeka vizuri kwenye kioo, lakini ni pana, na kila neno linakula nafasi kupita lilivyopangiwa. Anaagiza kifurushi cha fonts-crosextra-carlito, anauliza tena, na safari hii jibu ni Carlito. Hii imezaliwa na fonti ya Lato ya mchoraji Łukasz Dziedzic, na ukiikodolea macho utaona kwamba sura yake si ya Calibri. Upana wa kila herufi, hata hivyo, ni uleule, m kwa m, i kwa i. Mstari uliokatikia kwenye "Mheshimiwa" unakatikia palepale. Red Hat ilitoa fonti za Liberation mwaka 2007 kwa nia hiyohiyo, zishike nafasi za Arial, Times New Roman na Courier New. Kuchora herufi yako huku ukikubali vipimo vya mwenzako ni uungwana ambao wachoraji wengi hawana.

Vipo na vifurushi vya vituko. Kile cha ttf-mscorefonts-installer hakina fonti hata moja ndani yake. Microsoft ilianza kuzigawa bure fonti zake, Arial na Times New Roman zikiwemo, mwaka 1996, ikaacha 2002, ila sharti likabaki kwamba zisambazwe vilevile zilivyofungwa. Kwa hiyo kifurushi huenda kuzichukua mtandaoni, kikitanguliza mkataba kwenye skrini ya maandishi matupu ambako kipanya hakifui dafu. Wageni hukwama hapo mpaka waambiwe wabonyeze Tab.

Kutoa ndiko kunakompima fundi. Menyu ikishajaa majina ya fonti za Noto za maandishi ambayo mwenye kompyuta hatayasoma maishani, mkono huwasha kufuta yote. Fundi husoma kwanza, maana amri ya kuondoa hutangaza vifurushi vingine vitakavyoondoka pamoja, na wengi hubonyeza Y bila kutazama. DejaVu haigusi, maana huenda ndiyo mashine inayoikimbilia ikikosa nyingine. Fonti iliyotumbukizwa kwa mkono kwenye folda ya ~/.local/share/fonts ni mgeni aliyepitia dirishani. Apt, msimamizi wa vifurushi, haimjui, na kumtoa ni kufuta faili lenyewe kisha kuendesha fc-cache ili orodha ya fonti isasishwe.

Kiswahili hakimsumbui sana. Amri ya fc-list :lang=sw humwaga karibu kila fonti ya Kilatini iliyomo, kwa kuwa herufi zetu za Kilatini hazina vikorombwezo, na hata ng' hutosheka na kibainishi cha kawaida. Lakini orodha hiyo haijui kwamba Kiswahili kiliandikwa, na bado huandikwa, kwa hati ya Kiarabu. Lete utenzi ulionakiliwa hivyo, wenye پ, چ na ڤ, kwenye mashine ambayo fonti yake haina mojawapo. Herufi hiyo itaazimwa kwingine, ije na unene wake, na neno lionekane limekatika katikati. Fonti ya Scheherazade New ya shirika la SIL inazo zote tatu, na zinaungana sawasawa. Hiyo ningemwomba fundi asiitoe, hata kwenye kompyuta ya ofisi ambayo haijawahi kuona utenzi, maana siku faili likiletwa, huenda intaneti nayo haipo.