Kidaka Kitupu: Juu ya Al-Inkishafi na Picha za Waholanzi

Waholanzi wa karne ya 17 walikuwa na desturi ya kuchora vitu vilivyopangwa mezani, ili mtazamaji akumbuke kufa. Katika picha moja ya Harmen Steenwijck, ya yapata mwaka 1640, iliyomo London, twaona fuvu la kichwa, saa, kombe la bahari, upanga wa Kijapani, zumari, vitabu, na taa inayozimika. Kila kitu kina maana yake. Asiyeijua huona ustadi wa mkono tu.

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, mtungaji wa Al-Inkishafi, aliyashika mambo hayo hayo kwa maneno, yapata mwanzo wa karne ya 19. Hata taa anayo, nayo imewekwa penye upepo. Tena, sahani za kaure za Uchina, ambazo Willem Kalf alizichora zikimeta kando ya limau lililomenywa, ni za jinsi moja na zile zilizopamba vidaka vya nyumba za Pate. Biashara ya bahari ilizifikisha kote kuwili.

Lakini Mholanzi huichora sahani ingali nzima, kisha huweka karibu nayo kitu cha kutuonya. Sayyid Abdallah aiondoa sahani. Kidaka kimebaki, na ndege wa mwitu wamelala humo. Bundi hulia ndani ya nyumba, magugu yameota uani. Hapana fuvu, wala halitakiwi. Hapa twamweka mshairi juu ya mchoraji.

Wako waalimu wanaopita upesi beti hizi ili wayafikie majina ya mioto ya Jehanamu, kwa kuwa huko onyo ni dhahiri. Kwa maoni yetu, wanafunzi wao hunyimwa kilicho bora. Beti za moto angaliweza kuzitunga mwanachuoni yeyote ajuaye vina. Beti za nyumba zamtaka mtu aliyewajua wenyeji wake. Asemapo na moyo wake juu ya mabwana wa Pate, huo ni msiba kwanza, mahubiri baadaye. Afundishwaye hofu peke yake hujifunza kuidharau mali ya marehemu. Mtungaji haidharau, aliipenda, ndiyo sababu aijua kidaka kwa kidaka.

Huku Lagangabilili, mbali na pwani, kidaka ni neno la kitabuni, na kamusi haitoshi. Yafaa kumwuliza mwanafunzi habari za zizi la ng'ombe lililohamwa, ambapo majani hustawi kuliko kwingine kwa ajili ya samadi ya miaka mingi. Apitaye hutambua kwamba hapo palikuwa na mifugo, na mwenyewe hayupo. Kweli, mfano huu hauna uchungu wa Pate, maana huenda mwenye zizi amehamia bonde la pili tu pamoja na ng'ombe wake. Basi mwalimu na aulize tena: na kama hakuhama?