Filta Mbele ya Lenzi Pana

Filta inayofungwa kwa hesi mbele ya lenzi ni kioo bapa kilichoshikwa na pete ya chuma. Kwenye lenzi ya milimita 85 kioo hicho hakina makuu, kwa kuwa nuru yote inayoijenga picha huingia karibu moja kwa moja kutoka mbele. Lenzi pana haina utaratibu huo. Kwenye sensa ya fremu kamili, yenye milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 24 huona digrii 84 kutoka kona hadi kona, ya milimita 20 huona digrii 94, na ya milimita 16 huona digrii 107. Nuru ya kona kabisa katika hiyo ya 16 hupita kwenye filta kwa mshazari wa zaidi ya digrii 53. Karibu kila kero ya filta kwenye lenzi pana huanzia kwenye mshazari huo, na kazi ya mpiga picha ni kujua ni kero gani inavumilika kwa picha iliyo mbele yake.

Filta ya kinga ndiyo inayonunuliwa kwanza, mara nyingi dukani palepale lenzi inapouzwa. Enzi za filamu ilikuwa na kazi nyingine. Filamu za rangi zilihisi mionzi ya urujuanimno, hivyo milima ya mbali ilitoka na utando wa buluu, na filta ya UV iliupunguza. Sensa za kidijitali huwekewa mbele yake kioo kinachozuia mionzi hiyo, na vioo vya lenzi yenyewe hufyonza sehemu kubwa. Filta ya UV ya leo, kwa hiyo, ni kioo cha kinga tu, hata kama jina la zamani bado limeandikwa kwenye pete.

Gharama yake ni mwakisiko. Kioo kisicho na koti hurudisha takriban asilimia 4 ya nuru katika kila uso, na filta ina nyuso mbili. Kwa nuru ya mshazari wa digrii 53 hasara hiyo hupanda hadi kama asilimia 6.5 kwa uso mmoja. Filta nzuri zina koti nyingi nyembamba zinazoshusha mwakisiko chini ya asilimia moja, lakini koti hizo hubuniwa zaidi kwa nuru inayoingia wima, nazo hupoteza sehemu ya nguvu zake nuru inapolala. Mchana, jua likiwa mgongoni, hakuna atakayeona tofauti. Usiku ni habari nyingine. Taa kali ikiwa ndani ya fremu, sehemu ya nuru yake huakisiwa na sensa, hurudi nje kupitia lenzi, hugonga uso bapa wa filta na kuingia tena. Matokeo yake ni nakala ya taa ile, mara nyingi ya kijani, upande wa pili wa kitovu cha picha, ikiwa imepinduliwa. Taa za Kivukoni, Dar es Salaam, zikipigwa kutoka Kigamboni ng'ambo ya maji kwa lenzi pana, ambayo haiwezi kuepuka kuwa na taa nyingi ndani yake, huweza kujaza anga jeusi kwa safu ya nakala kama hizo. Dawa ni moja, nayo haina gharama: filta itolewe.

Uchafu nao una hesabu yake. Mwanga wa kila nukta ya picha hupita kwenye filta kama fungu lenye upana ule ule wa tundu la lenzi linavyoonekana kwa mbele, yaani urefu wa fokasi ukigawanywa kwa namba ya f. Lenzi ya milimita 200 kwenye f/11 ina fungu la milimita 18. Ya milimita 16 kwenye f/11 ina fungu la milimita 1.5 tu. Tone la mvua lenye upana wa milimita tatu likitua kwenye filta ya lenzi ndefu litaziba sehemu ndogo ya kila fungu, na picha itapungua makali kidogo bila doa la kuonekana. Tone hilo hilo kwenye lenzi pana litafunika fungu zima la pembe moja ya picha, na doa litaonekana wazi. Ndiyo maana kitambaa safi ni kifaa cha lazima kwa anayepiga mandhari kwa f/11 au f/16 karibu na mawimbi. Hoja kwamba filta huikinga lenzi na uchafu ni ya kweli, ila uchafu wenyewe hubaki hapo hapo, mbele ya picha.

Je, filta ya kinga iwekwe au isiwekwe? Jibu la busara hufuata mazingira. Chumvi ya bahari, mchanga unaopeperushwa na kaskazi, vumbi laini la barabara za mbuga: hapo kioo cha bei ya wastani kinachoweza kusuguliwa bila huruma ni bora kuliko kusugua kioo cha lenzi. Kuna pia lenzi ambazo kinga yake dhidi ya maji na vumbi haikamiliki bila filta. Canon, kwa mfano, hueleza hivyo kuhusu EF 17-40mm f/4L na EF 16-35mm f/2.8L II, kwa sababu kioo chake cha mbele husogea ndani ya pete wakati wa kubadili urefu wa fokasi. Kwa kuanguka na kugongwa, kinga-jua ya lenzi hufanya kazi vizuri kuliko filta, ambayo kioo chake chembamba huvunjika mapema na vipande vyake huweza kukwaruza kile kilichopaswa kulindwa.

Kabla ya kufika kwenye filta ya polaraiza, pete yenyewe inastahili neno. Pete nene huingia ndani ya uwanja wa lenzi pana na kuzitia kona giza. Filta mbili zikifungwa moja juu ya nyingine, kwenye milimita 16 giza ni karibu hakika. Polaraiza iko hatarini zaidi kwa kuwa ina pete mbili, moja ya kufunga na nyingine ya kuzungusha. Watengenezaji huuza pete nyembamba kwa ajili ya lenzi pana, baadhi zikiwa hazina hesi za mbele, hivyo kifuniko cha kawaida hakishiki. Njia nyingine ni kununua filta kubwa kuliko lenzi, tuseme ya milimita 82 kwa lenzi ya 77, na kuiunganisha kwa pete ya kuongeza kipenyo. Filta hiyo moja hutumika kwa lenzi nyingine pia, na hapo ndipo fedha huokolewa. Kupima ni rahisi: lenzi iwekwe kwenye upana wake wa mwisho, fokasi iwe mbali kabisa, tundu liwe f/16, kisha ipigwe picha ya ukuta mweupe ulioangazwa sawasawa. Giza la asili la lenzi hupungua tundu linapofungwa, lakini kivuli cha pete huwa na ukingo mkali zaidi. Kona ikitoka na mkato wa wazi kwenye f/16, mwenye kosa ni pete.

Polaraiza hufanya kazi ambayo programu ya kompyuta haiwezi kuikamilisha. Mawimbi ya nuru ya jua hutikisika katika pande zote. Yakiakisiwa na maji, kioo au jani, au yakitawanywa na hewa, sehemu yake hubaki ikitikisika katika upande mmoja, na hali hiyo ya nuru kupangika ndiyo polaraizesheni. Étienne-Louis Malus aliigundua kwa upande wa mwakisiko mjini Paris mwaka 1808, alipotazama kupitia fuwele nuru ya jua iliyorudishwa na madirisha ya kasri la Luxembourg. Mwaka uliofuata François Arago aliiona katika buluu ya anga. Filta ya bei nafuu ilisubiri hadi Edwin Land alipobuni utando wa plastiki wenye uwezo huo, kazi aliyoiombea hataza mwaka 1929. Utando huo hupitisha mtikisiko wa upande mmoja na kuzuia wa upande wa pili, na pete ikizungushwa, mpiga picha huchagua kipi kizuiwe.

Nuru ya anga haikupangika sawasawa kote. Karibu na jua polaraizesheni ni kama hakuna. Huongezeka kadiri jicho linavyoondoka kwenye jua, hufika kilele kwenye digrii 90, kisha hupungua tena. Kilele hicho ni mkanda unaolizunguka anga lote. Lenzi ya milimita 50 hukata kipande kidogo cha mkanda huo, na buluu hukolea kwa usawa. Lenzi ya milimita 16 huona digrii 97 kwa mlalo, kwa hiyo humeza mkanda mzima pamoja na sehemu hafifu za pande zote mbili. Picha hutoka na mlia mweusi-buluu katikati na anga lililopauka kushoto na kulia.

Amboseli ni mahali pazuri pa kuliona jambo hili. Kutoka mbugani, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko kusini, ikiegemea mashariki kidogo. Kilele huwa wazi zaidi asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, na huo ndio wakati jua liko chini mashariki. Mkanda wa digrii 90 basi husimama kutoka upeo wa kusini, hupita karibu na utosi na kushuka kaskazini. Mpiga picha anayeelekeza lenzi pana kwenye mlima saa moja asubuhi na kuzungusha polaraiza hadi mwisho atapata mlia wa giza ukisimama karibu juu ya theluji. Mwezi Juni, jua linapochomoza kaskazini ya mashariki, mlia huo huwa karibu sana na kilele, upande wa kushoto kidogo. Desemba jua huchomozea kusini zaidi, na mlia husogea hadi takriban digrii 35 kulia kwa kilele, yaani kuelekea ukingo wa picha. Watazamaji wengine huudhani ni wingu la mvua.

Kuna njia kadhaa za kuukwepa, na hakuna hata moja inayouondoa bila kutoa kitu. Polaraiza inaweza kuzungushwa nusu tu, ili mlia uwe hafifu. Lenzi inaweza kubanwa hadi milimita 35, ambapo mlalo ni digrii 54 na mabadiliko ya anga huonekana ya kawaida. Kamera inaweza kuinamishwa ili nyasi na tembo wachukue nafasi ya anga. Mawingu yakiwa mengi, yenyewe huuficha mlia, kwani nuru yake haikupangika kwa kiasi cha kuathiriwa sana na filta. Njia bora kwa kawaida ni kuiacha filta mfukoni na kukoleza buluu baadaye kwenye kompyuta, kazi inayofanyika vizuri.

Karibu na ikweta kuna hali moja ya pekee. Machi na Septemba, kama saa sita na nusu mchana, jua la Amboseli hupita karibu na utosi, na mkanda wa digrii 90 hulala kuzunguka upeo wote. Hapo lenzi pana hukolezwa anga lake kwa usawa kutoka kushoto hadi kulia, ingawa ukungu wa vumbi karibu na ardhi hupunguza nguvu. Mtikisiko wa nuru ya anga wakati huo ni wa mlalo, sawa na wa nuru inayoakisiwa na maji, hivyo mzunguko mmoja wa pete hushughulikia vyote viwili. Bahati mbaya, hiyo ndiyo saa ambayo mandhari yenyewe hukosa vivuli vya kupendeza.

Upinde wa mvua huonyesha tabia hiyo hiyo kwa namna ya kuchekesha. Nuru yake imepangika kwa nguvu, ikifuata mkunjo wa upinde: mlalo juu, wima kwenye miguu. Upinde mzima una upana wa digrii 84, unaotosha kabisa mlalo wa lenzi ya milimita 20. Filta ikizungushwa upande mmoja, kilele hung'aa na miguu hufifia. Ikizungushwa upande wa pili, miguu hubaki na kilele hutoweka.

Faida ya kweli ya polaraiza kwenye lenzi pana iko chini ya upeo. Majani mabichi baada ya mvua hurudisha mng'aro mweupe unaoficha kijani chake. Filta huuondoa, na hakuna programu inayoweza kurudisha rangi ambayo haikurekodiwa. Maji hutii zaidi yanapotazamwa kwa digrii 37 hivi juu ya uso wake. Kwenye pwani ya matumbawe, lenzi pana iliyoinamishwa itaonyesha mawe na nyasi bahari katika eneo la karibu, huku maji ya mbali, yanayotazamwa kwa pembe ndogo, yakiendelea kung'aa. Mpito huo hupendeza ukipangwa. Mabati mapya hayatii: chuma kitupu huakisi nuru bila kuipanga vya kutosha. Paa lililopakwa rangi hutii.

Polaraiza nyingi za sasa ni za duara, na neno hilo halihusu umbo la pete. Nyuma ya utando kuna bamba la robo ya wimbi linaloichanganya tena nuru baada ya kuchujwa. Lilihitajika kwa sababu kamera zenye kioo cha kurusha taswira hugawa nuru kwa vioo vinavyopitisha nusu, na nuru iliyopangika wima au mlalo ilizidanganya fokasi na kipima-mwanga. Kamera zisizo na kioo hicho kwa kawaida hukubali hata polaraiza ya zamani. Polaraiza zote hula nuru, kwa kawaida kati ya stopu moja na mbili, jambo la kukumbukwa kamera inaposhikwa mkononi alfajiri.

Lenzi pana zaidi zimejenga ukuta wake. Kioo cha mbele cha Nikon 14-24mm f/2.8G ya mwaka 2007 kimechomoza kama kuba na hakina hesi, hivyo filta zake ni vibao vya milimita 150 vinavyoshikwa na fremu kubwa. Toleo la Z la mwaka 2020 hubeba filta ya milimita 112 kwenye kinga-jua yake maalumu. Canon ilichagua upande wa pili: mwaka 2018 ilitangaza adapta ya lenzi za EF kwa kamera za EOS R yenye nafasi ya kuchomeka polaraiza ndogo nyuma ya lenzi, inayozungushwa kwa gurudumu dogo. Hapo pete haiwezi kuzitia kona kivuli, na filta moja hutosha lenzi zote. Kioo cha mbele, hata hivyo, hubaki wazi kwa chumvi na vumbi, na mlia wa anga hutokea vile vile.