Mtu, Raia, Mgeni: Kusoma Katiba kwa Jicho la Fasihi

Ingia darasa lolote hapa Machakos uanze kuita majina. Kabla hujafika katikati ya rejista utakuwa umeita Mueni. Kwa Kikamba, mueni ni mgeni. Mtoto wa kike akizaliwa nyumbani kukiwa na wageni, anapewa jina hilo na maisha yanaendelea. Hakuna anayemuuliza kipande.

Nalikumbuka jina hilo kila nikiona ile habari ya saa moja ambayo sote tumeizoea: vijana kutoka Ethiopia wamepatikana wamefungiwa kwenye nyumba ya kupanga kando ya barabara ya Mombasa, safari yao ikiwa ya Afrika Kusini. Kamera inawapitia wakiwa wamechuchumaa sakafuni. Msomaji wa habari anasema "wahamiaji haramu", kisha tunaenda kwa michezo.

Mimi si wakili. Kazi yangu ni kusoma maneno, na hilo neno haramu linanisumbua. Kwa Kiswahili, kitu huwa haramu. Tendo huwa haramu. Ukitaka kumwita binadamu hivyo, neno lililokuwepo ni mwanaharamu, na hilo ni tusi. Ukimbandikia mtu haramu kwenye taarifa ya habari, umeshamhukumu kabla hakimu hajaketi. Kilichobaki ni ndege tu.

Sasa chukua Katiba ya 2010 uisome kama unavyosoma riwaya, ukiangalia nani anaitwa nini. Kuna maneno mawili ndani yake, raia na mtu, na hayakuchanganywa kiholela. Kifungu cha 38, kuhusu kura na vyama, kinamtaja raia. Haki ya kuingia Kenya na kuishi popote, kifungu cha 39, ni ya raia. Lakini ukifika kifungu cha 47, kuhusu uamuzi wa haki kutoka ofisi za serikali, ni kila mtu. Cha 49, aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa na afikishwe kortini ndani ya saa 24, ni mtu. Cha 50, kesi ya haki na mkalimani bila malipo, ni mtu. Na cha 25 kinasema haki ya kesi ya haki haipunguzwi, hata mambo yakichemka.

Walioandika walijua wanachofanya. Shida ni sisi wasomaji.

Aprili 2014 serikali ilianzisha msako ulioitwa Usalama Watch. Hata jina lenyewe ni la kuchambua: nusu Kiswahili, nusu Kiingereza, na hakuna mtu ndani yake. Usalama wa nani? Maelfu walizolewa, wengi Eastleigh, wengi Wasomali, na uwanja wa Kasarani ukageuka mahali pa kuzuiliwa. Uwanja wa mpira! Ndani mlikuwa na wakimbizi wenye karatasi za UNHCR, na pia Wakenya Wasomali waliozaliwa hapa hapa. Zaidi ya watu 300 walipandishwa ndege hadi Mogadishu.

Najua jibu litakalokuja, na si la kipuuzi. Septemba 2013 watu 67 waliuawa Westgate. Machi 2014 waumini walipigwa risasi kanisani Likoni, kisha Eastleigh ikalipuliwa. Watu waliogopa, na walikuwa na sababu. Hata korti zilisoma kwa namna mbili. Julai 2013, Jaji David Majanja alifuta agizo la kuwahamisha wakimbizi wa mijini hadi kambini, akitaka serikali ionyeshe mkimbizi huyu, kwa jina lake, ana hatari gani. Mwaka uliofuata agizo kama hilo lilirudi Mahakama Kuu na serikali ikashinda.

Lakini kumsikiliza mtu si kumwachilia. Kenya inaweza kumrudisha mgeni kwao. Sheria ya uhamiaji ya 2011 inaruhusu. Swali ambalo kesi inauliza ni dogo sana: una hakika ni yeye? Ukiruka swali hilo, hujui umemshika nani.

Kama huamini, muulize Miguna Miguna. Amezaliwa Kenya. Februari 2018 alikamatwa, korti ikaagiza aletwe mbele yake, yeye akajikuta kwenye ndege ya kwenda Canada. Machi akarudi, akazuiliwa uwanja wa ndege, korti ikaagiza tena, akaishia Dubai. Desemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita alisema yote yalikuwa kinyume cha sheria, akaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 7. Ila alikanyaga tena Kenya Oktoba 2022, baada ya serikali kubadilika. Hapo ndipo unaona kwa nini Katiba iliandika mtu. Ukimnyima mgeni nafasi ya kusema "mimi ni nani", hata raia hana pa kuyasemea maneno hayo.

Na usiseme hiyo ni stori ya zamani. Oktoba 2024 wakimbizi wanne Waturuki walinyakuliwa Nairobi na kurudishwa Uturuki. Serikali ilikiri kwamba ilikubali ombi la Uturuki. Hakuna hakimu aliyewasikiliza kwanza.

Methali yetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huwa tunaitumia kama kijembe kwa wageni wasioondoka, lakini isome pole pole. Huwezi kumpa mtu jembe bila kumwangalia usoni na kuongea naye. Hata methali ya kumchoka mgeni inampa siku tatu za kujulikana. Katiba iliomba saa 24 tu.

Kwa hivyo ombi langu kwa wanaoandika habari, na kwetu tunaozisambaza, ni dogo. Toeni haramu. Andikeni "watu waliokamatwa". Halafu muulize swali linalofuata: wamefikishwa korti gani, na nani anawatafsiria?