Kesi za Marekani na Somo la Asili ya Mwanadamu: Kiyasi Kisichosimama

Alhamdulillah, wasswalatu wassalamu ala Rasulillah. Amma baad.

Husikika hoja kwamba Waislamu waende mahakamani kulizuia somo la asili ya mwanadamu katika shule za serikali, kwa kuwa Wakristo wa Marekani walifanya hivyo. Hoja hiyo hatuikubali, ijapokuwa itikadi iliyo nyuma yake ndiyo yetu: Nabii Adam (a.s.) aliumbwa kwa udongo, hana baba wala mama.

Kwanza, hicho ni kiyasi, na kiyasi kina nguzo nne: asili, tawi, illa na hukumu. Tuitazame asili. Mwaka 1925 mwalimu John Scopes alitozwa faini ya dola 100 huko Tennessee kwa kuifundisha nadharia hiyo. Lakini mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta sheria ya Arkansas iliyoikataza; mwaka 1987 ikaifuta ya Louisiana iliyotaka uumbaji ufundishwe sambamba nayo; na mwaka 2005 wazazi wa Dover, Pennsylvania, waliishinda bodi ya shule iliyopenyeza mafundisho ya dini katika somo la sayansi. Anayezitaja kesi hizi amemletea hasimu wake ushahidi!

Na illa ya hukumu hizo tatu ni katiba yao kuizuia serikali isisimamishe dini. Ibara ya 19 ya Katiba yetu ina lafudhi nyingine: inalinda uhuru wa kuabudu, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Je, tuiombe mamlaka hiyo hiyo ituamulie Adam afundishwe vipi?

Pili, madhara. Kijana wa sekondari hapa Tabora akiambiwa kuwa kujibu swali la Zinjanthropus, fuvu lililopatikana Olduvai mwaka 1959, ni kukufuru, achague lipi: mtihani au dini? Fiqhi haikumbana hivyo. Kanuni ni mashuhuri: anayenukuu kufuru si kafiri. Aandike kwamba nadharia inasema kadha wa kadha, na moyo wake ubaki juu ya imani yake. Imam al-Ghazali naye, katika Tahafut, alionya kuwa anayepinga hesabu za kupatwa kwa jua kwa jina la dini huidhuru dini.

Njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji ilipitisha pembe na watumwa, na hilo la pili ni aibu. Ilipitisha pia misahafu na walimu. Uislamu haukuingia Unyamwezi kwa amri ya mahakama. Basi madai haya tuyaelekeze kwetu: kipindi cha dini shuleni kipo. Ni nani kati yetu anayekiingia akiwa amekwisha kukisoma kitabu cha historia cha mwanafunzi wake?

Wallahu aalam.