Maili Tatu Alizozitafuta Wakili

Kwetu, tochi ikikupiga kwenye barabara ya Morogoro, hadithi huwa fupi. Askari anakuonyesha namba kwenye kioo, unabisha kidogo ili kulinda heshima, unaandikiwa, unapewa kontroo namba, unalipa elfu 30 kwa simu na safari inaendelea. Ukimwambia dereva wa basi atafute wakili kwa ajili ya tochi atakucheka mpaka abiria wa viti vya nyuma waulize kulikoni.

Kwa hiyo shemeji yangu anayeishi kaskazini mwa Virginia, Marekani, aliponipigia kunieleza kwamba amemlipa wakili dola 900 kwa kesi ya mwendokasi, nilidhani kaibiwa. "Shem, usihukumu kabla hujaona karatasi," akanijibu. Akanitumia zote: samansi, barua ya makubaliano na wakili, ripoti ya fundi, hukumu. Nimezisoma mara kadhaa, na sasa nakiri kwamba kazi iliyofanyika humo ilikuwa nzuri kuliko nyingi nilizowahi kuona kwenye mahakama zetu za mwanzo. Hakuna hotuba iliyotolewa, wala shahidi aliyebanwa mpaka akajikanyaga. Kuna hesabu tu, na mtu aliyejua namba gani ya kuitafuta.

Tuanze na namba. Ilikuwa Jumapili jioni, barabara kuu ya I-95, mahali ambapo kikomo ni maili 70 kwa saa. Rada ya askari wa jimbo ilisoma 87, sawa na kilomita 140 hivi. Samansi haikuandika mwendokasi. Iliandika kuendesha kizembe, kifungu cha 46.2-862 cha sheria za Virginia, na hapo ndipo mgeni anapochanganyikiwa, maana hakuyumba, hakugonga mtu, wala hakupita gari kwenye kona.

Kifungu hicho kina milango miwili ya kukuingiza matatani. Wa kwanza ni kuzidisha kikomo kwa maili 20 au zaidi. Wa pili ni kupita maili 85 kwa saa, hata kikomo kiwe ngapi. Ukipita mmojawapo, kasi peke yake inatosha kuwa uzembe, na uzembe huo ni kosa la jinai la daraja la kwanza miongoni mwa makosa madogo: kifungo hadi miezi 12, faini hadi dola 2,500, na hakimu ana uwezo wa kusimamisha leseni hadi miezi 6. Rekodi yake inakaa kwenye faili la dereva miaka 11. Mpaka katikati ya mwaka 2020 mlango wa pili ulikuwa maili 80, maana yake kwenye barabara ya 70 ulikuwa ukizidisha maili 11 tu, wewe ni mhalifu. Tarehe 1 Julai 2020 wakausogeza hadi 85. Virginia haina simile na mwendokasi. Majimbo mengi ya Marekani kosa la namna hii wanalimaliza kwa faini.

Sasa piga hesabu ya shemeji. Alizidisha kikomo kwa maili 17, kwa hiyo mlango wa kwanza haukumpata. Wa pili alikuwa ameuvuka kwa maili 2.

Mwendokasi wa kawaida huko unaweza kuulipia mtandaoni ukiwa umekaa sebuleni, na wengi hulipa bila kujua kwamba kulipa ni kukiri kosa. Kuendesha kizembe hakulipiki hivyo. Lazima kesi isikilizwe. Na kwa kuwa kumbukumbu za mahakama ziko wazi kwa umma, haikupita wiki sanduku lake la barua likajaa barua za mawakili wasiomjua, kila mmoja akimpa pole kwa yaliyomkuta na kumwachia namba ya simu. Alizichambua mezani kama mtu anayechagua mchele. Ada karibu zote zilikuwa za mkupuo, zinalipwa mwanzoni. Hilo si ujanja wa kibiashara: maadili ya uwakili yanakataza malipo yanayotegemea matokeo kwenye kesi za jinai, kwa hiyo anayekuahidi "ukishindwa narudisha hela" anakuonyesha mapema ni wakili wa aina gani.

Alimchagua mmoja kwa sababu ambayo mwanzoni ilinichekesha. Mawakili wawili wa kwanza aliowapigia walimuuliza alikuwa anakwenda kasi gani. Wa tatu alimuuliza ana leseni ya aina gani.

Shemeji anaendesha semitrela. Waswahili wengi wa huko, Wakongo, Wakenya, Warundi na Watanzania, wamekimbilia kazi hiyo kwa sababu inalipa na haiulizi shahada. Siku ile alikuwa kwenye gari lake dogo, ametoka kwenye harusi, lakini leseni mfukoni ni moja. Na leseni ya magari makubwa ya biashara inaongozwa na kanuni za serikali kuu ya Marekani, juu ya zile za jimbo. Kwa mujibu wa kanuni hizo, kuzidisha kikomo kwa maili 15 au zaidi, na kuendesha kizembe, yote yanahesabiwa makosa mazito. Mawili ndani ya miaka 3 yanakuweka nje ya usukani wa lori siku 60. Matatu, siku 120. Ukiwa kwenye gari binafsi kosa linaingia kwenye hesabu hiyo endapo tu limesababisha leseni kusimamishwa au kufutwa, jambo ambalo, kama tulivyoona, hakimu wa Virginia ana uwezo wa kulifanya. Na siku 60 bila lori, kwa mtu mwenye mkopo wa nyumba na ada za watoto wawili, ni zaidi ya dola 900.

Nadhani hapa ndipo wakili alipoila ada yake, siku ile ile ya kwanza, kabla hajagusa jalada. Kijana mwenye gari dogo na bima ghali angetafutiwa namba ndogo kadiri inavyowezekana, chini ya maili 10 juu ya kikomo, ili bima isimpande kichwani. Mhamiaji anayesubiri uraia angetafutiwa jambo moja tu, neno "jinai" litoke kwenye karatasi, hata kama faini itapanda, kwa sababu fomu ya kuomba uraia inauliza habari za kukamatwa na kushtakiwa. Kwa dereva wa lori namba ni 14. Ukifika 15 umeingia kwenye makosa mazito; kwenye 14 bado uko nje. Samansi moja, shabaha tatu tofauti, na anayefyatua kabla ya kuuliza shabaha iko wapi anapoteza risasi za mteja.

Kulikuwa na kikwazo kingine. Dereva wa gari dogo mara nyingi hupelekwa darasa la udereva, akilimaliza kesi inafutwa au inapunguzwa. Wenye leseni ya biashara njia hiyo wamezibiwa. Kanuni ya serikali kuu inayakataza majimbo kuficha kosa la dereva wa namna hiyo, kuahirisha hukumu yake, au kumpitisha kwenye programu itakayofanya kosa lisionekane kwenye rekodi, hata kama alikuwa kwenye gari lake la nyumbani. Huruma ya hakimu, ambayo mawakili wengi wa trafiki huitegemea kama mtaji, hapa ina mipaka. Kilichotakiwa ni ushahidi utakaomfanya hakimu aone kosa dogo kuliko lililoandikwa.

Silaha ya kwanza ambayo kila tangazo la mawakili hawa hupenda kuitaja ni rada yenyewe. Askari huipima rada yake kwa uma wa chuma wenye meno mawili, ndugu yake ule ambao mwalimu wa kwaya huugonga kutafuta sauti. Kila uma umetengenezwa utetemeke kwa mpigo unaolingana na kasi fulani. Askari anaugonga, anaushika mbele ya rada, na kioo kinapaswa kusoma kasi ile ile iliyochongwa kwenye mpini. Lakini nani ameupima uma? Sheria ya Virginia inataka cheti, na kipimo hakikubaliki kikiwa kimezidi miezi 6. Ni kama muhuri wa Wakala wa Vipimo kwenye mzani wa muuza nyama: nyama inaweza kuwa kilo kamili, lakini muhuri ukiisha muda, mzani hausemi kitu.

Wakili alikiomba cheti. Kilikuwa na miezi 5. Silaha hiyo ikalala palepale, na nakushauri uwe na wasiwasi na yeyote anayekuuzia kesi nzima kwa kutegemea uma. Askari wa barabara kuu hupeleka kesi kama hizi mahakamani kila mwezi. Tarehe za vyeti vyao wanazijua kuliko siku za kuzaliwa za watoto wao.

Silaha ya pili haina mvuto wa tangazo. Kifungu kingine cha sheria hizo hizo, 46.2-942, kinamtaka hakimu anayesikiliza kesi ya kuzidisha kasi apokee ripoti ya kiapo ya fundi kuhusu usahihi wa kipima mwendo cha gari la mshtakiwa, na aizingatie katika kuamua kama ana hatia na vilevile katika kupanga adhabu. Wakili alimwuliza shemeji kama gari limewahi kubadilishwa matairi. Alibadilisha, tena kwa mbwembwe: aliweka makubwa kidogo, ili gari lisimame vizuri.

Tairi kubwa husafiri mbali zaidi kila linapozunguka mara moja, na kipima mwendo cha gari huhesabu mizunguko. Hakijui kwamba umebadilisha saizi. Kwa hiyo gari linakwenda kasi kuliko linavyosema. Fundi alilipandisha kwenye mashine ya magurudumu, akaandika matokeo na kuyaapia: kila kipima mwendo kilipoonyesha 84, gari lilikuwa kwenye 87. Tofauti ya asilimia 3 na ushee. Gharama ya kupima haikufika dola 100.

Ukirudi kwenye hesabu utaona kwa nini wakili alitabasamu. Dereva aliyeona 84 kwenye dashibodi yake hakuona 85, kwa hiyo mlango wa pili wa uzembe hakuuona akiupita. Na 84 kwenye barabara ya 70 ni 14 juu ya kikomo. Maili tatu zilikuwa zinaziba mashimo mawili kwa pamoja.

Kuna kitu kingine kwenye jalada ambacho wakili mvivu angekipita. Askari alipomsimamisha alimuuliza, kama wanavyouliza wote, anajua alikuwa anakwenda kasi gani. Ushauri wa kawaida wa mawakili ni kutojibu swali hilo, na ni ushauri mzuri, kwa kuwa jibu lako linaandikwa. Shemeji, kwa adabu ya kwetu ya kutomnyamazia mwenye sare, alijibu: "Themanini na nne hivi." Askari akaandika nyuma ya nakala yake. Kwa kesi nyingine hilo lingekuwa kujichimbia kaburi, maana alikiri kuvuka kikomo. Kwa kesi hii lilikuwa shahidi wa bahati: siku ile barabarani, kabla hajajua kuna ripoti ya fundi duniani, alitaja namba ile ile ambayo mashine ingekuja kuitoa wiki tatu baadaye.

Siku ya kesi ilichukua dakika zisizozidi nne. Katika kaunti nyingi za Virginia mwendesha mashtaka hashughuliki na kesi hizi ndogo. Anasimama askari, wakili na hakimu. Kazi ilifanyika kwenye korido. Wakili alimfuata askari saa moja kabla, akamwonyesha ripoti, akamwuliza kama bado ana maandishi yake ya siku ile. Alikuwa nayo. Akamwuliza kama mshtakiwa alikuwa na heshima. Askari alisema ndiyo, tena alikuwa amevaa suti, anatoka harusini. Mbele ya hakimu askari alieleza kasi aliyoisoma na hakupinga ripoti. Wakili hakudai mteja hana hatia. Alitaja kifungu, akakabidhi karatasi, akaomba kosa lishushwe hadi mwendokasi wa 84 kwenye 70. Hakimu alisoma ripoti, akamtazama shemeji juu ya miwani, akauliza kama matairi yale bado yako kwenye gari. Yalikuwepo. Hakimu akamtolea neno kali kidogo kuhusu hilo, kisha akakubali.

Kama angekataa, kulikuwa na siku 10 za kukata rufaa kwenye mahakama ya ngazi inayofuata, ambako kesi husikilizwa upya kabisa kana kwamba ya kwanza haikuwahi kuwepo. Wakili hakuitaja rufaa hata mara moja mahakamani. Alikuwa ameiandika kwenye barua kwa mteja tu, mstari mmoja.

Kosa lililobaki si la jinai. Lina pointi 4 za adhabu badala ya 6, na leseni haikuguswa. Lakini lipo kwenye rekodi, halikufichwa. Kanuni za serikali kuu zinamtaka dereva wa leseni ya biashara amwarifu mwajiri wake kwa maandishi ndani ya siku 30 baada ya kutiwa hatiani kwa kosa la barabarani, hata kama alikuwa kwenye gari lake. Shemeji aliandika barua usiku ule ule. Wiki iliyofuata alirudisha matairi ya saizi ya kiwandani, na yale makubwa ameyatundika gereji akitafuta mnunuzi. Ameniuliza kama nayataka. Yana hali nzuri, anasema, na kuyasafirisha mpaka Dar hakutazidi nusu ya alichomlipa wakili.