Uganda 1980: Mwenye Kura na Mwenye Kutangaza

Katika mijadala ya matawi ya Ilala huzuka mara kwa mara hoja kwamba jeshi likitaka kupora ushindi wa umma halina budi kuufuta uchaguzi wenyewe, kama utawala wa Jenerali Babangida ulivyofanya Nigeria tarehe 23 Juni, 1993. Hoja hiyo ni ya juu juu. Kada anayeishika ataushuhudia uporaji wa namna nyingine bila kuutambua.

Tuuchambue uchaguzi wa Uganda wa tarehe 10 na 11 Desemba, 1980. Dola ilikuwa mikononi mwa Tume ya Kijeshi, iliyomwondoa Rais Binaisa mwezi Mei mwaka huo. Mwenyekiti wake, Paulo Muwanga, alikuwa mtu wa UPC, na baadaye akawa Makamu wa Rais wa Obote. Wagombea 17 wa UPC walikwisha kupita bila kupingwa. Wafuasi wa DP walipoanza kushangilia Kampala, Muwanga alitoa amri: asitangaze matokeo mtu yeyote ila yeye, mahakama zisihoji, atakayekiuka, faini ya shilingi 500,000 au kifungo cha miaka mitano. Uchaguzi haukufutwa. Tume ya Uchaguzi ilizibwa mdomo, basi.

Mchuuzi wa Kariakoo atalielewa jambo hili upesi kuliko wasomi wetu, maana yeye kabla ya kubishana bei huuliza mizani ameishika nani.

Wapo wanaojibu kwamba amri ile ililegezwa baadaye, na kwamba waangalizi wa Jumuiya ya Madola waliukubali uchaguzi. Ni kweli. Lakini waangalizi walirudi makwao, Waganda wakabaki na mashaka yao. Tarehe 6 Februari, 1981, Museveni, aliyekuwa Makamu Mwenyekiti wa Tume ile ile, alishambulia kambi ya Kabamba. (Chama chake cha UPM kilipata kiti kimoja tu, si kila aliyeingia msituni alikuwa ameporwa ushindi.) Mwaka 1985 jeshi lilimpindua Obote.

Jambo hili linatuhusu. Siku amri ile ilipotolewa, wanajeshi wetu walikuwa bado Uganda, na wenzao walikwisha kufa katika vita vya kumng'oa Amin. Wanachuo wakiuliza sisi tulisimama wapi, wakufunzi wengi hukimbilia kusimulia ushujaa wa Kagera. Ushujaa ulikuwapo, lakini swali lililoulizwa ni la Desemba, 1980.